Mgeni na Uzuri wa Nchi ya Watu

Katika maswali ya adili lipo moja ambalo huonekana dogo mpaka mtu ajaribu kulijibu: je, mgeni ana haki ya kuufurahia uzuri wa nchi ambayo huzuni yake haijui? Watu wamelijibu kwa namna mbili. Wapo wasemao kwamba uzuri ni mali ya kila mwenye macho. Bahari haimwulizi mtazamaji ametoka wapi wala anajua nini. Wapo pia wasemao kwamba mahali palipomwagika damu pana mwiko wake, na kwamba kucheka hapo ni kukanyaga kaburi. Kila kundi lina sehemu yake ya kweli. Nakusudia kuonyesha kwamba kila moja lina sehemu yake ya kosa pia, na kosa hilo laonekana vizuri zaidi likipimwa kwa mfano ulio halisi kuliko kwa maneno matupu.

Mfano niuchaguao ni wa mwanafunzi mgeni katika shule ya sekondari ya Korea Kusini, aliyepelekwa huko kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Shule za nchi ile zina desturi ya kuwachukua vijana wa kidato kizima katika safari ya siku chache. Jina la safari hiyo kwa Kikorea ni suhak yeohaeng, na maana yake ni safari ya kujipatia elimu. Mahali papendwapo sana kwa safari hizo ni kisiwa cha Jeju, kilicho baharini kusini ya bara la Korea. Mgeni wetu atapanda ndege pamoja na wenzake, na baada ya mwendo wa kama saa moja kutoka Seoul atakuwa amefika.

Hapana shaka atakipenda kisiwa. Jeju ilizaliwa na moto wa chini ya ardhi. Katikati yake umesimama mlima Hallasan, wenye kimo cha mita 1,947, mrefu kuliko milima yote ya Korea Kusini. Upande wa mashariki, ukingoni mwa bahari, kipo kilima cha Seongsan Ilchulbong, chenye umbo la bakuli kubwa, ambacho watu hukipanda alfajiri ili walitazame jua likichomoza majini. Chini ya ardhi mna mapango yaliyochimbwa na uji wa volkano, na moja lao, Manjanggul, lina urefu upitao kilomita 7. Kwa ajili ya mambo hayo UNESCO ilivitia volkano na mapango ya Jeju katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Kusini, katika mji wa Seogwipo, maporomoko ya Jeongbang huanguka kutoka gengeni hadi ufukweni. Mashamba yamezungushiwa kuta za mawe meusi, na michenza huzaa wakati wa baridi. Wapo na wanawake wazamiaji waitwao haenyeo, wengi wao wazee, ambao huzama bila ya chombo cha hewa wakitafuta kombe na mwani, na kila waibukapo hutoa pumzi kwa mluzi mrefu unaosikika mbali. Kijana gani atayaona hayo asifurahi?

Lakini mahali hapo hapo pana habari nyingine. Korea ilipokuwa imegawanyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, upande wa kusini ulikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya Marekani. Tarehe 1 Machi 1947 polisi waliufyatulia risasi umati wa watu katika Jeju, wakafa watu sita, na chuki ikaota mizizi. Tarehe 3 Aprili 1948 waasi wa mrengo wa kushoto walivishambulia vituo vya polisi, wakipinga uchaguzi uliokusudiwa kufanywa kusini peke yake. Mwezi wa Agosti mwaka ule Jamhuri ya Korea ilisimamishwa, na ukali ukazidi. Mwezi wa Oktoba ilitolewa amri kwamba mtu atakayeonekana ndani ya kisiwa zaidi ya kilomita 5 kutoka pwani atahesabiwa kuwa mwasi. Vijiji vya mlimani vikachomwa moto, na wazee na watoto wakauawa pamoja na wenye silaha. Waasi nao waliua raia. Lakini uchunguzi wa serikali yenyewe, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2003, uliona kwamba sehemu kubwa ya waliokufa waliuawa na vikosi vya dola. Mpaka mambo yalipokwisha mwaka 1954, watu wakisiwao kuwa 25,000 hadi 30,000 walikuwa wamekwisha kufa, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi wa kisiwa kile. Katika kijiji cha Bukchon mamia waliuawa mwezi wa Januari 1949, na nyumba nyingi za kijiji hicho huwakumbuka wafu wao kwa ibada ya usiku ule ule mmoja, kwa sababu walikufa pamoja.

Mabaya hayo hayakutendeka mbali na njia ya mgeni wetu. Uwanja wa ndege aliotua ulikuwa mahali pa kuulia watu, na uchimbaji uliofanywa kati ya mwaka 2007 na 2009 ulitoa mabaki ya watu zaidi ya 380. Karibu na maporomoko ya Jeongbang watu walipigwa risasi. Katika ufuko ulio chini ya kilima cha Seongsan, ambako leo wasafiri hupigana picha, wanakijiji walipangwa mstari wakauawa. Basi swali letu si la kubuni. Miguu ya kijana huyu inapita juu ya historia hiyo, ajue au asijue.

Na tulisikilize kwanza kundi lisemalo kwamba furaha hapo ni haramu. Nia yao ni njema, lakini hukumu yao ni nzito mno. Mlima haukuua mtu, wala maji hayakutoa amri. Tukiuhukumu uzuri kwa sababu ya maovu yaliyotendwa mbele yake, tutakuwa tumewapa wauaji milki ya pili: walichukua maisha ya watu, sasa tunawakabidhi na mandhari. Tena, wenyeji wenyewe hawakufanya hivyo. Waliobaki hai walirudi wakajenga upya kuta za mawe, wakapanda michenza, wakazama baharini, wakaoza watoto wao. Mgeni anayekataa kufurahi mahali ambapo wafiwa wenyewe wameruhusu furaha, anajifanya mfiwa kuliko wafiwa. Hiyo si heshima, ni kujikweza.

Iko na hoja nyingine kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 15 Aprili 2014 meli ya abiria iitwayo Sewol iliondoka bandari ya Incheon kwenda Jeju. Ndani yake walikuwamo wanafunzi 325 wa shule ya sekondari ya Danwon, ya mji wa Ansan, wakienda katika safari kama hii tunayoizungumza. Asubuhi ya pili meli ililala ubavu ikazama karibu na pwani ya kusini-magharibi. Abiria waliambiwa kwa vipaza sauti wakae pale walipo, na vijana wakatii. Nahodha naye akatoka akajiokoa. Walikufa watu 304, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa shule ile. Vijana hao hawakukiona kisiwa. Tangu siku ile, darasa lolote lishukalo Jeju linapata kitu ambacho wenzao walinyimwa. Je, litakuwa jambo la adili kulisimamisha darasa hilo ufukweni na kuliambia kwamba kucheka ni kosa? Naona kinyume chake ni kweli. Kicheko cha kijana aliyefika salama ni kitu cha thamani, na mzazi aliyempoteza mtoto wake baharini angelijua hivyo kabla ya mwanachuo yeyote.

Basi furaha ni haki. Lakini je, yatosha? Hapa twafika kwa kundi la pili, lisemalo kwamba mgeni hahusiki: yeye si Mkorea, hakuua wala hakuuliwa, naye amekuja siku tatu tu. Neno hili lina sura ya unyenyekevu, nalo lingekuwa jema kama kimya cha Jeju kingelikuwa kimya cha kawaida, kama kile cha mtu aliyechagua kutosema habari za msiba wake. Lakini hakikuwa hivyo. Kimya kile kiliamriwa. Kwa muda wa miaka mingi jamaa za waliouawa walihesabiwa kuwa jamaa za maadui, wakafungiwa milango ya kazi za serikali, na kulia waziwazi kulikuwa hatari. Mwandishi Hyun Ki-young, mzaliwa wa kisiwa kile, alitoa hadithi mwaka 1978 iitwayo Sun-i Samchon, juu ya mwanamke aliyenusurika katika mauaji. Mwaka uliofuata alikamatwa akateswa. Sheria ya kuutafuta ukweli ilipatikana mwaka 2000, na tarehe 31 Oktoba 2003 Rais Roh Moo-hyun aliwaomba radhi wenyeji wa kisiwa kwa niaba ya dola. Ilipita nusu ya karne kabla ya mjane kuweza kusema kwa sauti jinsi mumewe alivyokufa.

Mahali ambapo kimya kilikuwa silaha, kutotaka kujua si jambo lisilo na upande. Mtu asemaye, "Nionyesheni maua, msinieleze makaburi," hakusudii ubaya; hata hivyo anaomba jambo lile lile ambalo waliowanyamazisha wajane walilitaka. Kutojua kwa siku ya kwanza hakuna lawama, maana hakuna azaliwaye na elimu ya nchi za watu. Lawama huanza pale kutojua kunapochaguliwa. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni asile wala asicheke katika siku mbili zile; walisema tu kwamba ugeni una mwisho, na kwamba aliyekula ana wajibu wa kushika mpini. Kijana wetu hatapewa shamba la kulima. Jembe lake ni kujua.

Yako mashaka mawili ambayo msomaji ana haki ya kuyaleta. La kwanza ni kwamba swali la mgeni laweza kuwa kisu. Kumwuliza bibi kizee auzaye machenza kando ya njia ni nani alikufa kwake, kisha kupanda basi na kuondoka, ni kufanya msiba wa mtu kuwa kitu cha kukusanya, kama makombe ya pwani. Shaka hii ni ya haki, nayo yatufundisha mipaka. Kujua si lazima kuanze kwa kuhoji. Ipo bustani ya amani, iliyofunguliwa mwaka 2008, ambamo majina ya waliokufa yameandikwa kwenye mawe. Anayetaka kujua aanzie hapo, asome na anyamaze. Yako maua ya kamelia, ambayo huanguka mazima kabla ya kunyauka, nayo yamekuwa alama ya wafu wale. Akiona mtu ameibandika alama hiyo kifuani, atajua kwamba amekutana na mtu anayekumbuka. Kama mwenyeji atataka kusema, asikilizwe hata mwisho. Kama hataki, aachwe. Zaidi ya hayo, mgeni hana ruhusa ya kugeuka hakimu wa taifa la wenziwe kwa habari aliyoijua jana.

Shaka la pili ni la umri. Yawezekana kusemwa kwamba mtoto wa miaka 16 hastahili kubebeshwa mzigo huu, na kwamba safari ya shule ni ya michezo. Nakubali kwamba hastahili kubebeshwa hatia. Lakini elimu na hatia si kitu kimoja. Katika Jeju waliuawa watoto wadogo kuliko yeye, na katika Sewol walizama watoto wa umri wake. Kumwambia kwamba yeye ni mdogo mno kuwasikia ni kuwadharau wao na kumdharau yeye pia. Hata jina la safari lingekuwa la uongo, kwa maana safari ya elimu isiyofundisha ni matembezi. Ajuaye habari ya ufuko ule atauona uzuri ule ule aliouona mwenzake asiyejua, na juu yake ataona jambo ambalo mwenzake hakuliona: kwamba watu walipita katika mauti mahali pale, kisha wakarudi wakapafanya makao. Sidhani kwamba furaha ya namna hiyo ni ndogo. Naona ndiyo iliyo kubwa zaidi, kwa sababu haihitaji kudanganywa ili iendelee kuwako.

Jibu la swali letu, basi, ni hili. Mgeni ana haki ya kuufurahia uzuri wa nchi ya watu, wala haki hiyo haiondolewi na msiba uliotokea hapo. Lakini kila haki hufuatana na deni, na deni la haki hii ni kujua. Asiyelipa hatashitakiwa, jua litamchomozea Seongsan kama linavyowachomozea wengine, na wenyeji watamwuzia machenza kwa uso mkunjufu. Atarudi kwao na picha nzuri. Ila wakimwuliza nyumbani, "Ulikaa na watu gani?" hatakuwa na jibu, naye atakuwa amekula siku tatu katika nyumba ambayo hakuwahi kuingia.