Je, Ni Halali Kukipenda Kilichoundwa Kuua?

Kwetu mashariki mwa Kongo, mtu akijisifu kwamba anazijua silaha, wasikilizaji hunyamaza. Hatumwulizi anapenda za aina gani. Tunajiuliza kimoyomoyo alizijulia wapi. Ndiyo maana nilijishangaa nilipovutiwa na elimu ya Wamarekani wanaokusanya rivolva za zamani, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, hasa zile za ukubwa wa wastani ambazo polisi wa nchi hiyo walizibeba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Mvuto huo umenilazimisha niulize: je, ni halali kimaadili kukipenda na kukitunza kitu kilichoundwa kwa ajili ya kuua?

Kwanza tuwatendee haki wakusanyaji hao. Kampuni ya Smith & Wesson ya Springfield, Massachusetts, ilitoa bastola yake iitwayo Military & Police mwaka 1899. Baadaye mpinzani wake, Colt, akawa na Official Police. Kwa asiyejua, bastola hizo mbili zinafanana kama pacha. Mkusanyaji hutazama kitufe cha kufungulia silinda: cha Smith & Wesson husukumwa mbele, cha Colt huvutwa nyuma. Huhesabu skrubu za fremu, kwa kuwa Smith & Wesson za zamani zilikuwa na tano, zilizofuata nne, kisha tatu. Anajua kwamba mwaka 1957 kampuni ilianza kuzipa bastola zake namba za aina, na Military & Police ikawa Model 10. Mwisho huugeuza mpini, akasoma namba iliyochapwa chini yake na kuilinganisha na zile za kwenye silinda na mtutu. Zikilingana, anaridhika kwamba vipande hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Wengi wetu hatuna uangalifu wa namna hiyo hata tunaposoma kwa ajili ya mtihani.

Swali letu lina majibu mawili mepesi, na yote mawili hayanitoshi. La kwanza linasema kwamba chuma hakina dhamira. Anayeua ni mtu. Ni kweli, lakini ukweli huo haukamiliki. Jembe pia linaweza kuua, ila halikuundwa kwa kazi hiyo. Ulaini wa kifyatulio ambao mkusanyaji anausifu ulitafutwa na mafundi kwa miaka mingi ili risasi ifike ilikotumwa. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa ndani hamna hata kipande cha mti, mna nafasi sita za risasi.

Jibu la pili linataka silaha zote ziyeyushwe. Nalielewa, kwa sababu nimekulia mahali ambapo ningelipigia makofi. Hata hivyo, tukilifuata mpaka mwisho, tutayeyusha pia mikuki ya babu zetu iliyo katika makumbusho, na pamoja nayo ushahidi wa yale waliyotenda na waliyotendewa. Kukiharibu kitu hakufuti kilichofanywa nacho. Wakati mwingine kunamsaidia aliyekifanya.

Jibu langu linaanzia kwenye herufi moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Smith & Wesson iliunda maelfu kwa maelfu ya bastola hizi kwa ajili ya majeshi, na namba zake zikatanguliwa na herufi V, ya neno la Kiingereza lenye maana ya ushindi. Mwaka 1944 bastola mojawapo ilianguka kwenye sitaha ya meli, ikajifyatua na kumwua baharia. Kampuni ikaunda haraka kizuizi kipya cha kuizuia nyundo isigonge risasi bastola inapoanguka, na zilizowekewa kizuizi hicho zikaongezewa herufi S kwenye namba zao. Leo mkusanyaji akiiona S hiyo hufurahi, kwa kuwa inamwambia bastola yake ni ya kipindi gani. Lakini herufi hiyo ni alama ya maiti. Anayeisoma kama tarehe tu amesoma nusu ya neno.

Wakusanyaji wenyewe wana kanuni inayowahukumu katika jambo hili. Bastola iliyosuguliwa na kupakwa rangi upya hushuka thamani machoni pao, hata kama inang'aa kuliko ile iliyochakaa, kwa sababu msasa umefuta historia yake. Hivyo wameshakubali kwamba yaliyokipata kitu ni sehemu ya kitu hicho, na kwamba kuyafuta ni aina ya uongo. Ikiwa mkwaruzo wa mkoba wa polisi unastahili kuhifadhiwa, je, mtu aliyesimama mbele ya mtutu anastahili kusahauliwa? Anayeuchukia msasa juu ya chuma hawezi kuukubali juu ya kumbukumbu.

Mtu anaweza kunipinga kwamba nyingi ya bastola hizi hazikumlenga mtu hata siku moja. Zilikaa mkobani mpaka mwenyewe akastaafu. Inawezekana. Simtaki mkusanyaji abuni hatia pasipo ushahidi. Namtaka asibuni usafi pia. Kumbukumbu za kampuni zinaweza kumwambia bastola yake ilitoka kiwandani tarehe gani na ilipelekwa wapi. Kumbukumbu hizo zinakoma hapo hapo, na maisha ya bastola yanaanzia hapo. Uadilifu ni kuuacha ukurasa huo wazi, na kumwonyesha mgeni kwamba uko wazi.

Kwa hiyo nakubali kwamba inaweza kuwa halali kukitunza kilichoundwa kuua, ila kwa sharti: mwenye nacho akijue mpaka mwisho, si mpaka pale furaha yake inapoishia. Sharti hilo litampunguzia raha, na nadhani inafaa ipungue. Kwetu tunanyamaza mtu anapotaja silaha kwa sababu tunawakumbuka watu. Kama mkusanyaji naye, baada ya kuhesabu skrubu na kusoma namba, atanyamaza kidogo, basi mimi na yeye tunaweza kuzungumza.