Kwenda na Kuchukuliwa

Safari ni za namna mbili. Iko safari ambayo mtu huenda, na iko safari ambayo mtu huchukuliwa. Apandaye baiskeli huenda; kila hatua ya njia huilipia kwa pumzi na jasho lake. Apandaye gari la moshi huchukuliwa; hukaa kitako, akalala usingizi, akaamka katika nchi nyingine. Watu wengi huiheshimu safari ya kwanza na kuihesabu ya pili kuwa ni ya wavivu. Hukumu hiyo ina sura ya haki, lakini yafaa ipimwe, na Mtwara ni mahali pema pa kuipimia.

Mathalani msafiri wa baiskeli ametoka Mikindani, akapita Mtwara, akashika njia ya Msimbati, ambako mchanga humshusha mpandaji na kumlazimisha kuikokota baiskeli yake. Amefika karibu na mlango wa mto Ruvuma, ambapo maji matamu na maji ya chumvi hukutana kati ya mikoko, na ng'ambo ni Msumbiji. Siku yake ya mwisho imewadia. Miguu imechoka, nchi imekwisha, naye atamani kurudi Mtwara, aitie baiskeli ndani ya behewa, aendelee na safari kwa gari la moshi. Je, akifanya hivyo ataiharibu safari yake?

Mwenye kiburi cha miguu atajibu kuwa ataiharibu. Lakini kiburi hicho hakina msingi. Mpanda baiskeli hakuifua baiskeli yake. Mnyororo umetoka kiwandani, njia imelimwa kwa mikono asiyoijua, na maji aliyokunywa njiani amepewa na wenyeji. Na katika nchi ya Wamakonde, ambako juu ya uwanda maji ni adimu, kata moja ya maji si zawadi ndogo. Basi hapana aendaye kwa nguvu zake peke yake. Tena mgonjwa hawezi kukanyaga baiskeli, wala mzee, wala mavuno ya korosho ya wilaya nzima hayawezi kufika bandarini kwa baiskeli. Adharauye kuchukuliwa huwadharau wadhaifu wote, ilhali yeye mwenyewe alichukuliwa mgongoni kabla hajajua kutambaa, na mwisho wake atachukuliwa mabegani mwa watu.

Kwa hiyo kuchukuliwa si aibu. Hatari yake iko mahali pengine, na msafiri yule ataigundua atakapoitafuta stesheni ya Mtwara. Hataiona. Reli ilikuwako, lakini haiko tena.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilikubali shauri la kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya mahali palipochaguliwa. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli, na Mtwara ikapewa bandari ya kina kirefu. Lakini ardhi ilikuwa ngumu, mitambo ikavunjika, mvua zikawa haba. Mwaka 1951 shauri liliachwa, baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Reli ikaendelea kujengwa mpaka ikafika Mtwara, hali karanga zilizoiita hazipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake viking'olewa. Watu wa kusini hawakuulizwa ilipokuja. Na ilipokosa mzigo, haikuwa na mzizi wa kuishika.

Yamkini mtu akasema kuwa reli zote huanzishwa na wakubwa, na mnyonge hupanda tu. Si kweli kabisa. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kwa mkopo wa China, ilikuwa na haja yake ndani ya nchi zenyewe: Zambia ilitaka njia ya baharini isiyopita mikononi mwa watawala wa Rhodesia. Reli hiyo nayo imepata dhiki nyingi. Lakini ilipodhoofika haikung'olewa. Wenye nayo walikaa wakatafuta namna ya kuitengeneza. Mtu hutunza kile alichokitaka.

Swali hilo halijafa Mtwara. Mwaka 2013, wakazi wengi walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, palitokea ghasia na watu walikufa. Bomba lilimalizwa mwaka 2015. Ghasia haziwezi kusifiwa, lakini chini yake palikuwa na ulizo halali: kinachopita hapa chaenda kwa haja ya nani, na mwenyeji abakiwa na nini? Ulizo hilohilo laingoja reli mpya ambayo kwa miaka mingi imekusudiwa kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma.

Mpanda baiskeli husimama atakapo na kugeuka apendapo. Abiria hana uhuru huo, wala hawezi kupewa, maana gari zima haliwezi kusimama kwa matakwa ya kila mtu. Uhuru wa mwenye kuchukuliwa hauna budi kutumiwa mapema, kabla ya taruma la kwanza kulazwa: njia ielekee wapi, imchukue nani, na ikipungukiwa nani ataitunza. Atakayeulizwa hayo akajibu, kisha akapanda behewa, hajaacha kwenda. Huyo huenda pamoja na wenzake. Asiyeulizwa huchukuliwa kama mzigo, na mzigo huweza kutuliwa popote.