Tabibu na Hesabu ya Makosa Yake

Mtu akipeleka kitambaa kwa fundi wa kushona kikaharibiwa, hurudi kudai haki yake. Lakini mamake akipasuliwa hospitali kisha akatolewa maiti, watu hukusanyika matangani wakasema, "Siku zake zimekwisha," na maneno yakaishia hapo. Kuwa siku za mtu zina mwisho ni kweli isiyo shaka. Je, kweli hiyo yamwondolea mpasuaji wajibu wa kuulizwa alilolifanya?

Swali hili si geni. Huko Boston, Marekani, palikuwa na mpasuaji jina lake Ernest Codman. Alitaka kila aliyepasuliwa afuatwe hata baada ya kutoka, ijulikane kama amepona. Na kama hakupona, sababu itafutwe na kutangazwa. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali kubwa ya mji ule, kwani wapasuaji walipandishwa vyeo kwa wingi wa miaka yao, si kwa hali za waliopita mikononi mwao. Katika hospitali yake mwenyewe, baina ya 1911 na 1916, walitoka wagonjwa 337, naye akaandika makosa 123 na kuyachapisha. Wenzake wengi hawakumshukuru.

Wako watakaosema kuwa aibu ya mtu ni ya kusitiriwa. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini sitara ni ya aibu isiyomdhuru mwingine. Aliyelazwa mezani, amelewa dawa ya usingizi, hana jicho la kuona wala ulimi wa kusema. Mwili wake wote ameutoa amana. Kosa likifichwa leo, mgonjwa wa kesho huwekewa lilo hilo.

Hata hivyo hesabu nayo yaweza kuwa dhulma. Tukihesabu maiti peke yake, tabibu hodari apokeaye waliokatiwa tamaa ataonekana mbaya kuliko mwoga apasuaye ngiri za vijana, na mwoga atapata sifa kwa kuwafukuza mahututi mlangoni! Basi sharti iandikwe hali ya mgonjwa alipoingia, pamoja na hali yake alipotoka.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka wa mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani: Ni nani huyu? Apasuliwa wapi? Vitambaa na sindano zimetimia idadi? Ulijaribiwa katika hospitali nane, moja ikiwa Ifakara, Tanzania. Na khabari zilizochapishwa 2009 zilionyesha vifo vimeshuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Lakini Ontario, Kanada, zilipochunguzwa hospitali 101, matokeo ya 2014 hayakuonyesha upungufu wa maana. Waraka wa namna moja, natija mbili. Sisi twaona kuwa kutia alama ni kazi ya kalamu tu. Muuguzi mdogo kumwambia bwana mkubwa, "Ngoja, kitambaa kimoja hakionekani," ni kazi ya moyo, nayo haiandikiki.

Nasi tuingiapo hospitali huuliza bei na kitanda. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza, "Waliopasuliwa hapa mwaka jana, wangapi walirudi na vidonda vilivyooza, na ni nani awahesabuye?"