Wametuangusha

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Novemba 2019, nilisimama mlangoni na kofia yangu ya buluu mkononi, nikaitazama, kisha nikairudisha kwenye msumari. Baridi ya Kentucky ilikuwa imekwisha kuanza kung'ata na kofia nyingine sikuwa nayo. Nikaenda kazini kichwa wazi. Afadhali masikio yagande kuliko kupita mbele ya mwenzangu wa zamu, mtu wa Louisville, yaani shabiki wa mahasimu wetu, nikiwa nimevaa rangi za timu iliyofungwa usiku uliopita na chuo ambacho hata mimi, baada ya miaka minne ya kuishi Lexington, sikujua kiko jimbo gani.

Kiko Evansville, Indiana, ng'ambo tu ya mto Ohio. Siku hiyo nilikijua, na nadhani Kentucky nzima ilikijua.

Kwa msomaji ambaye kwake mpira ni wa miguu tu, nieleze kidogo. Jimbo la Kentucky halina timu ya NBA, ligi ya kulipwa. Lina chuo kikuu chenye timu ya kikapu iliyotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara nane, na uwanja wa ndani uitwao Rupp Arena unaomeza watu zaidi ya 20,000 wanaokuja kutazama wanafunzi wakicheza. Nimealikwa harusi ambayo tarehe yake ilipangwa baada ya bibi harusi kuangalia kwanza ratiba ya mechi. Msimu huanza Novemba na kilele chake ni Machi, kwenye mashindano ya mtoano ambayo ukifungwa mara moja unafunga virago. Kwa hiyo Novemba ni kama mvua za vuli: hakuna anayejua mavuno yatakuwaje, ila kila mtu ana maoni.

Msimu ule ulianza kwa kishindo. Tarehe 5 Novemba, jijini New York, Kentucky iliifunga Michigan State, iliyokuwa namba moja nchini, 69 kwa 62. Kijana Tyrese Maxey, aliyetimiza miaka 19 siku moja tu kabla, alitoka benchi akafunga pointi 26. Wiki iliyofuata Kentucky ikawa namba moja. Mimi nikanunua kofia.

Jumanne ya tarehe 12 wakaja Evansville. Ukweli ni kwamba hawakuja tu, walilipwa waje. Vyuo vikubwa vya huko huwalipa wadogo nauli na kifuta jasho ili waje wafungwe mbele ya mashabiki, na mgeni anarudi kwao na hela ya kuendesha idara yake ya michezo. Bei ya Evansville ilikuwa dola 90,000. Kocha wao, Walter McCarty, alikuwa mtoto wa nyumbani kabisa, mmoja wa kikosi cha Kentucky kilichochukua ubingwa wa 1996. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kama sherehe ya kumkaribisha ndugu, kumlisha na kumsindikiza. Ndugu akala, akashinda 67 kwa 64. Kentucky walirusha mitupo 17 ya pointi tatu, ikaingia minne.

Nilipofika ghalani nilikuta karatasi ya kufungia maboksi imebandikwa kwenye foklifti ninayoendesha. Kwa kalamu nene ilikuwa imeandikwa 67–64, na chini yake alama ya dola na 90,000. Mtu wa Louisville alikuwa pembeni anakunywa kahawa, hasemi kitu. Ndiye hodari wa utani kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, kwa sababu anajua kunyamaza.

Jumamosi nilikwenda kunyoa. Kinyozi wangu ni kijana wa Uvira aliyepitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Wakongo ni wengi Lexington, na Kiswahili utakisikia kwenye basi, kwenye foleni ya duka, kwenye korido za shule. Saluni ile siku za kawaida huzungumza siasa za Kinshasa na bei ya tiketi za ndege. Siku hiyo hata salamu ilikuwa msiba.

"Yaya," aliniambia kabla sijakaa, "bametupiga."

Na pale ndipo nilipoanza kufikiria jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo, jambo dogo la sarufi. Ghalani, wenzangu waliokuwa wakisema kwa Kiingereza "tumeshinda New York" walikuwa sasa wanasema "wamefungwa". Kutoka sisi hadi wao kwa wiki moja, bila aibu. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliligundua hilo zamani, mwaka 1976. Walihesabu nguo za wanafunzi katika vyuo saba kila Jumatatu, wakakuta kwamba timu ya chuo ikishinda mwishoni mwa wiki, wenye fulana za chuo huongezeka madarasani. Kisha wakawapigia wanafunzi simu kuwauliza kuhusu mechi, na waliosimulia ushindi walikuwa wepesi zaidi kusema "sisi" kuliko waliosimulia kipigo. Utafiti mzima ulikuwa kofia yangu pale kwenye msumari.

Kiswahili hakitufungulii mlango huo kirahisi. Kinyozi alisema "bametupiga", na ile "tu" ilikuwa imebaki katikati ya neno, haikimbii. Mimi ni Yanga wa kuzaliwa. Mei 2012 Simba walipotutandika tano bila, sikumsikia Yanga yeyote akisema "Yanga wamefungwa" kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Tulisema tumefungwa. Tulinuna, tuliwatukana viongozi, wengine walizima simu siku mbili, lakini tulifungwa sisi.

Nilijisifu hivyo pale kwenye kiti, shuka shingoni, kwamba sisi Waswahili tuna uaminifu ndani ya lugha yenyewe. Sifa hiyo haikudumu dakika tano. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake, mtu wa Bukavu, akaanza kuwachambua vijana mmoja mmoja: huyu mvivu, huyu anawaza NBA tu, yule kocha Calipari abebe mabegi aende. Akamaliza kwa kusema: "Hawa batoto bametuangusha."

Wametuangusha. Neno hili nimelisema mara elfu, la timu, la viongozi, la watoto wa ndugu waliofeli kidato cha nne. "Tu" imo, haikukimbia. Lakini safari hii niliisikia vingine. Huwezi kuangushwa kama hukuwa umebebwa. Mtu anayetembea kwa miguu yake hujikwaa, akaanguka, akajilaumu. Anayelalamika kuangushwa ni yule aliyekuwa mgongoni. Na nani alikuwa amenibeba mimi, mtu mzima wa miaka 44 mwenye mke na madeni? Mtoto aliyetimiza miaka 19 wiki iliyopita. Nilipanda mgongoni kwake kule New York bila kumuuliza kama uzito wangu anauweza, nikanunua na kofia ya kupandia.

Siyo kwamba shabiki hana haki ya kukasirika. Anayekwambia "ni mchezo tu" mara nyingi hajawahi kupenda kitu kisichomlipa. Ila kuna namna ya kukasirika ukiwa umesimama na namna ya kukasirika ukiwa umebebwa, na tofauti yake niliiona kwa jirani yangu.

Jirani yangu alikuwa Mmarekani mzungu, mjane, umri unaokaribia themanini. Mimi nilimwita Mzee, naye akalipenda jina hilo bila kujua maana yake mpaka nilipomweleza, ndipo akalipenda zaidi. Alikuwa na tabia ambayo nilikuja kujua ni ya wengi wa rika lake huko: mechi ikianza anawasha televisheni, anaiua sauti kabisa, halafu anasikiliza redio. Mtangazaji wa televisheni ni wa taifa zima, alisema, hajui lolote, wakati wa redio ni wa kwetu. Redio huitangulia picha au huchelewa nyuma yake kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo Mzee mara nyingi alishangilia kikapu ambacho kwenye picha kilikuwa hakijaingia.

Jioni ile ya Jumatano niliporudi na masikio yangu yaliyoganda, bendera yake ya buluu ilikuwa bado kwenye nguzo ya kibaraza. Katika mtaa wetu zilikuwa zimebaki mbili. Nilimwuliza anaonaje. Nilitegemea hotuba kama ile niliyokuja kuisikia saluni.

"Tulirusha ovyo," alisema. "Na hatukuwaheshimu wageni."

Tulirusha. Mzee ambaye kunyanyuka kwenye kiti kulimchukua hatua tatu alikuwa anakiri kwamba alirusha vibaya. Nilitamani kucheka. Kisha nikamwambia kwamba Evansville watatamba mwaka mzima kwa ule ushindi, akanitazama kama mtu aliyesema neno lisilofaa mbele ya wageni.

"Waache watambe," alisema, akanieleza. Tarehe 13 Desemba 1977, usiku wa ukungu na mvua, ndege iliyobeba timu ya kikapu ya chuo hicho iliruka kutoka uwanja wa ndege wa Evansville na kuanguka muda mfupi baadaye. Watu 29 walikufa, wakiwemo kocha na wachezaji 14. Nao pia walikuwa mwanzoni mwa msimu, msimu wao wa kwanza katika daraja la juu. Mzee hakuongeza neno. Alikwenda jikoni akaleta kahawa, nasi tukarudi kuzungumza juu ya mitupo ya pointi tatu, kwa sauti ya chini kidogo.

Mashabiki wazoefu walikuwa na dawa yao ya kujituliza. Desemba 2011, walikumbushana, Kentucky ilifungwa na Indiana kwa pointi moja, mtupo wa pointi tatu wakati saa inaisha, na Aprili 2012 timu hiyohiyo ikawa bingwa. Kila aliyefungwa ana mfano wa aina hiyo mfukoni, maana anayekubali kwamba kipigo kinaweza kuwa kipigo tu, kisicho na mbegu ndani yake, ni nadra. Novemba hiyohiyo ya 2019, tarehe 26, Duke, waliokuwa namba moja wakati huo, walifungwa nyumbani kwao na Stephen F. Austin, chuo cha Texas, kwa kikapu cha mwisho kabisa katika muda wa nyongeza. Nakiri nililala vizuri usiku ule. Msiba wa wengi...

Desemba mambo yalizidi kuharibika, tukafungwa na Utah, tukafungwa na Ohio State. Saluni ilifikia hatua ya kukataa kuwasha televisheni. Halafu tarehe 28 wakaja Louisville wenyewe, na tukawafunga katika muda wa nyongeza, 78 kwa 70, yule Maxey akiweka pointi 27. Jumatatu yake nilivaa kofia. Sikubandika karatasi yoyote popote, nilikunywa kahawa kimya kando ya foklifti ya mtu wa Louisville, naye akasema, "Umejifunza."

Ukihesabu, ulikuwa msimu mzuri. Mechi 25 za ushindi, sita za kufungwa, ubingwa wa msimu wa kawaida katika ukanda wao. Evansville wao, baada ya usiku wao mkubwa, walimpoteza kocha Januari kwa sababu ambazo si za mpira, na wakafungwa mechi zote 18 za ligi yao. Zote. Kentucky walimaliza Florida, tarehe 7 Machi 2020, wakitoka nyuma kwa pointi 18 hadi kushinda kwa moja. Saluni ilipiga kelele hadi mwenye duka la jirani akaja kuchungulia. Sasa twende Machi, tulisema. Hesabu zote za Novemba, zile hasira, zile lawama kwamba vijana wametuharibia nafasi nzuri kwenye mtoano, zilikuwa zinasubiri Machi ije izimalize.

Machi haikuja. Tarehe 12, Alhamisi, mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Maxey akaenda NBA. Kinyozi akafunga saluni, mimi na mtu wa Louisville tukavaa barakoa, na kikosi kile kimebaki hadi leo bila mwisho. Deni ambalo tulikuwa tumewaandikia tangu Novemba, hakuna aliyewahi kuja kulilipa wala kulidai.

Jioni moja mwezi Aprili nilikuwa nje nafagia nikasikia kelele za uwanja kutoka kwa Mzee. Watu maelfu, kengele, mtangazaji anahema. Kwa sekunde moja nilidhani wamefungua. Nikasogea hadi kwenye ua, si zaidi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kibaraza na redio yake mapajani, blanketi miguuni. Stesheni zilikuwa hazina mechi, zikawa zinarudia za zamani. Ilikuwa ya 1996. Nilimsikia mtangazaji akiita McCarty, akapokea, akarusha, ikagonga chuma.

"Tunakimbilia nini?" Mzee alifoka, mkono hewani. "Muda bado tunao!"

Aliponiona akanionyesha kwa kidole ngazi za kibaraza changu, kwamba nikae hukohuko mbali. Nikaingia ndani mara moja, nikatoka na kofia, nikakaa. Akaongeza sauti ili nami nisikie. Tulikuwa mbele kwa pointi nne.