Sukari Isiyoonekana Pichani

Mwaka 1634 Rembrandt alimchora Marten Soolmans, kijana tajiri wa Amsterdam, akiwa amesimama, karibu kwa kimo cha mtu halisi. Amevaa nguo nyeusi zinazong'aa na kola pana ya lesi, na viatu vyake vimerembwa kupita kiasi. Mwaka 2016 Ufaransa na Uholanzi ziliinunua picha hiyo pamoja na ya mkewe, Oopjen, kwa euro milioni 160.

Sukari haimo pichani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kusafishia sukari, na sukari mbichi ya siku zile ilitoka zaidi Brazili, kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Simtuhumu Marten kwamba alishika kiboko. Yeye alirithi tu.

Je, ana hatia? Nabii Ezekieli anakataa mwana abebe uovu wa baba yake, nami nakubali. Lakini deni ni jambo jingine. Kwetu, siku ya maziko, msemaji wa familia huwatangazia waombolezaji kwamba aliyemdai marehemu ajitokeze. Hapo hakuna anayemwona mtoto kuwa mkosaji. Atalipa kwa kuwa mali ameichukua yeye. Zakayo naye hakuishia kwenye majuto: alipiga hesabu, akaahidi kurudisha mara nne.

Wadai wa nyumba ya Soolmans walikuwa ng'ambo ya bahari, wakikata miwa. Tangazo la msibani lisingewafikia.