Kungoja Jibu la Daktari

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Pumwani, Majengo, Eastleigh, Kaloleni, Buruburu na Umoja, leo twapenda kusema juu ya jambo linaloziingia baadhi ya nyumba zetu kimyakimya. Mtoto wa kiume ang'oka jino, na damu yatoka tangu alasiri hata alfajiri. Au aanguka kidogo akicheza, goti lavimba na kuwa moto. Wazazi wampeleka hospitali, na daktari awaambia kuwa huenda damu ya mtoto haigandi kama itakiwavyo. Apimwe, kisha warudi kupokea jibu. Tangu siku hiyo mama halali na baba hali. Neno hilo moja, "huenda", lawalemea kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwanza yatupasa kuwaambia wazazi hawa kwamba wasiwasi wao si upungufu wa imani. Wako watu ambao, wakimwona mwenzao ana huzuni, humwambia, "Wewe huna tawakkul." Hili ni neno la ujinga. Qurani yatusimulia kwamba Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Huzuni yake aliipeleka kwa Mola wake. Kisha tazameni alivyofanya: aliwaamuru wanawe waende wakatafute habari za Yusuf na nduguye, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mungu. Mambo haya mawili aliyaamrisha pamoja. Hakuwaambia wakae nyumbani wakitumaini, wala hakuwaambia watafute bila ya tumaini.

Basi mzazi anayerudi hospitali kuchukua jibu, hali moyo wake watetemeka, huyo yumo katika nyayo za Yaakub. Na yule aliyeacha kurudi kwa kuogopa atakaloambiwa, akasema, "Nimemwachia Mungu," huyo hakumwachia Mungu kitu. Amekimbia habari tu. Kutolijua jina la maradhi hakuyaondoi mwilini mwa mtoto. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari njiani kuwa Sham kuna tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda akamwuliza kama aikimbia kudra ya Mungu. Naye akamjibu kuwa aitoka kudra moja ya Mungu kuiendea kudra nyingine ya Mungu. Kipimo nacho ni katika kudra yake, na dawa vile vile.

Pili, tuyajue maradhi yenyewe, maana giza ndilo linaloikuza khofu. Madaktari huyaita hemofilia. Mwenye maradhi haya amepungukiwa na protini moja katika zile zinazoigandisha damu. Aghalabu ni ile ya nane, na mara chache ni ya tisa. Aina ya kwanza humpata mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 hivi wanaozaliwa. Hayaambukizi, wala si uchawi, wala si jicho la jirani. Na wanazuoni wetu hawakuwa wageni nayo: tabibu Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika habari za wanaume wa kijiji kimoja ambao wakijeruhiwa damu haikatiki mpaka wafe.

Maradhi haya aghalabu hupita kwa mama, naye mwenyewe huwa mzima. Basi ole wake mume atakayemtaliki mkewe kwa sababu hii, na ole wake mama mkwe atakayemsimanga! Kiasi cha thuluthi moja ya wagonjwa hawana jamaa yeyote aliyejulikana kuwa nayo. Mama hakuyachagua, kama baba asivyochagua rangi ya macho ya mwanawe.

Tatu, twawaonya wazazi na milango ya waganga. Tsar Nicholas II wa Urusi alikuwa na mwana, Alexei, aliyezaliwa mwaka 1904 na maradhi haya. Mama yake akamtegemea mtu aitwaye Rasputin, aliyedaiwa kuponya kwa dua, hata mtu huyo akawa na sauti kubwa katika nyumba ya mfalme. Na mtoto hakupona. Wao zama zao hapakuwa na dawa. Sisi tuna udhuru gani, hali leo iko dawa ya kuirudishia damu ile protini iliyopungua, na hapa Nairobi hospitali ya Kenyatta ina kliniki ya wagonjwa hawa? Hirizi haigandishi damu. Na kumchanja mtoto huyu chale, au kumwumika, ni kumfungulia mlango wa mauti. Wala asipewe aspirini, na kila atakaye kumdunga sindano aambiwe kwanza.

Na juu ya tohara, maulamaa wa madhehebu ya Shafi wamekwisha kusema kuwa mtoto dhaifu asiyeweza kuistahimili huakhirishwa mpaka ihofiwe kidogo hatari yake. Basi mtoto aliyeshukiwa asipelekwe kwa ngariba, wala asitahiriwe popote, kabla ya jibu kupatikana. Na likiwa ndilo, jambo hilo lipangwe na madaktari wanaoyajua maradhi hayo, dawa ikiwa tayari. Kungoja huko ni kuitii sheria, si kuikimbia.

Mwisho, tuna neno na majirani. Familia inayongoja jibu haihitaji hadithi za fulani aliyekufa. Yahitaji mtu wa kufuatana na baba hospitali, na mtu wa kukaa na watoto waliobaki. Na wenye afya watoe damu; kwani mahali dawa ile isipopatikana, mgonjwa hutiwa plazma itokayo katika damu za watu waliojitolea. Mwenye kuhuisha nafsi moja, malipo yake kwa Mola wake ni makubwa.

Enyi wazazi mnaongoja: salini, lieni mkitaka kulia, kisha siku mliyopewa ikifika, rudini. Jibu likiwa la kheri, mshukuruni Mungu. Likiwa ndilo mliloliogopa, mtakuwa mmejua pa kuanzia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatulize wazazi wao, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.