Milima Haikutani, na Wenye Miguu Je?

Mazishi yakiisha, watu wakishakung'uta vumbi viatuni na kugawana usafiri wa kurudi mjini, lazima mtu aseme: "Haya bwana, milima haikutani." Mwenzake anamalizia, "Binadamu hukutana." Wanapeana mikono, kila mmoja anashika njia yake. Watakaposalimiana tena, ni kwenye msiba mwingine, chini ya turubai jingine, na maneno yatakuwa yale yale.

Methali hii imegeuzwa kibali cha kutopanga lolote. Inasikika Stendi ya Magufuli kule Mbezi abiria wanapoagana, inasikika bandarini Unguja boti ikiwa tayari kuondoka, na siku hizi imepata makao ya kudumu kwenye makundi ya WhatsApp ya waliomaliza shule pamoja. Mmoja anauliza, "Jamani, lini tuonane?" Vidole gumba vinamiminika. Mwingine anaandika milima haikutani, anaweka vicheko viwili, na hoja imefungwa. Hakuna aliyetaja tarehe.

Wafafanuzi wamezoea kuichukua methali kwa njia mbili. Kwa baadhi yao ni liwazo: dunia duara, walioachana leo wataonana siku moja. Wengine wanaiona ni onyo: usimdhalilishe mtu njiani, kesho utamkuta yeye ndiye aliyekaa dirishani unakoomba huduma. Maana zote mbili zina haki yake, na wazee wamezitumia zote. Kasoro ni kwamba zote mbili zinaachia bahati kazi ya kukutana, kana kwamba binadamu hugongana tu kama magogo yanayoelea mtoni. Methali inaeleza tofauti ya mlima na mtu, na tofauti hiyo ni uwezo wa kuondoka ulipo ukaenda alipo mwenzako. Mwenye uwezo huo asipoutumia, hana tena lake la kuuzidi mlima.

Wachaga wana simulizi kuhusu vilele viwili vya Kilimanjaro. Kibo, chenye mita 5,895, na Mawenzi, chenye mita 5,149, zamani walikuwa wakitembeleana. Mawenzi alikuwa haishi kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi mwenyeji akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amebaki na kichwa kilichochongoka. Tangu hapo wanatazamana tu, na uwanda wa baridi katikati yao. Simulizi hiyo ina funzo kali kuliko methali yenyewe. Ziara zilikuwepo, ila kila ziara ilikuwa na shida ndani yake. Mawenzi hakuwahi kwenda kukaa tu. Wangapi leo, wakiona jina la rafiki wa zamani kwenye simu, wanajiuliza kwanza anataka kukopa kiasi gani? Na wangapi wamejenga hofu hiyo kwa wenzao, kwa kupiga simu siku za kuomba moto peke yake?

Dar es Salaam inaonyesha jambo hili waziwazi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Waliocheza chandimu kwenye uwanja mmoja sasa wamesambaa: mmoja Bunju, mmoja Mbagala, mmoja Chanika, mmoja ng'ambo ya maji Kigamboni. Wanaishi mkoa mmoja, wanalipa umeme kwa shirika moja, na wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kuonana. Foleni inalaumiwa, na kweli foleni ipo. Lakini foleni hiyo hiyo haimzuii mtu kufika ukumbini kwenye harusi aliyochangia, kwa kuwa kadi imeandikwa tarehe na saa.

Sasa watazamwe marafiki wanaoamua. Sabasaba, tarehe 7 Julai, ni sikukuu na ofisi zimefungwa. Wa Kimara anapanda mwendokasi hadi kituo cha mwisho, Kivukoni. Wa Kigamboni anavuka na pantoni, hatua chache tu kutoka hapo. Wa Mbagala anashuka Kariakoo na kumalizia kwa bodaboda. Wanaingia soko la samaki la Feri, wanabishana bei ya changu mpaka muuzaji anacheka, wanapeleka samaki wao kwa wakaangaji ambao mafuta yao yanatokota tangu alfajiri, wanakaa kwenye benchi wakisubiri. Saa ya kwanza ni ya utani: nani amenenepa, nani alichapwa kwa maembe ya mwalimu. Saa ya pili ni ya mpira, Simba na Yanga. Ni kwenye saa ya tatu, miiba ikiwa imebaki sahanini na soda zimekwisha, ndipo mmoja anaposema polepole, "Jamani, mwenzenu nimepatikana na sukari. Hata mama watoto sijamwambia vizuri."

Saa hiyo ya tatu haipatikani msibani, kwa sababu msibani kuna ratiba, na shida inayozungumzwa ni ya mfiwa. Kwenye simu nako haipo. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mtu anaweza kutuma rambirambi akiwa kitandani, na hilo limewafaa wengi walio mbali. Ubaya wake ni kwamba limemfundisha hata aliye karibu kuamini kuwa ujumbe wa muamala ni sawa na kufika. Kila mtu anajua kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ila dhiki ya mtu mzima haitangazwi. Inajitokeza yenyewe kwa aliyekaa naye muda wa kutosha bila haraka. Anayesubiri kuitwa wakati wa dhiki, huku siku za raha haonekani, ataitwa akiwa amechelewa.

Dini zetu hazikuliacha jambo hili kwenye bahati. Hadithi maarufu ya Mtume inataja haki tano za Mwislamu kwa mwenzake: kumjibu salamu, kumtembelea akiugua, kufuata jeneza lake, kuitikia mwaliko wake na kumwombea rehema anapopiga chafya. Jeneza ni moja tu kati ya tano. Nne zinamhusu mtu aliye hai! Na Injili ya Luka inasimulia Mariamu alivyofunga safari kwa haraka hadi nchi ya vilima kumwona Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Vilima havikumjia yeye.

Kuna pingamizi la haki, nalo ni uchovu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, lakini mamilioni waliojiajiri hawana sheria ya kuwapumzisha. Kwa wanawake wengi, siku ya mapumziko ndiyo siku ya kufua na kusafisha nyumba nzima. Mume anayekwenda Feri na marafiki zake Sabasaba anapaswa kubaki na watoto Nane Nane ili mkewe naye aende kwa mashoga zake. Asiyefanya hivyo anajipa ubinadamu na kumwachia mwenzake uzito wa mlima. Ajabu ni kwamba wanawake hao hao, kupitia vikoba, wamewashinda wanaume: wanakutana kila wiki, siku inajulikana, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, na asiyefika anaulizwa alikuwa wapi. Fedha ndiyo iliyowaita, lakini mara nyingi kikao ndicho kilichowagundua walioelemewa na maisha.

Basi anayeitamka methali hii wakati wa kuagana aambatanishe mambo matatu: siku, saa na kituo cha kushukia. Mei Mosi, Sabasaba, Nane Nane na Idi zote zimo kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Msomaji mwenye rafiki wa zamani mji huo huo anaoishi, ampigie simu leo kabla ya kulala, asimwombe kitu chochote, wakubaliane ni lini na ni wapi.